Naomba ushauri: Ziara ya milima ya Andes na mama mwenye shinikizo la damu
Ndugu wanachama, habari zenu. Mwezi Juni natarajia kusafiri na mama, mwenye miaka 63 na shinikizo la damu, katika ziara ya basi yenye kiongozi kutoka Lima, mji mkuu wa Peru, hadi Arequipa (mita 2,335 juu ya usawa wa bahari), kisha Puno (mita 3,827), halafu La Paz nchini Bolivia, na hatimaye Potosí, mji wa Bolivia ulio juu ya mita 4,000. Hata ngazi za ghorofa ya 3 hapa kwetu humfanya asimame mara 2 kuvuta pumzi. Daktari wake ameridhia, ila amesisitiza tupande taratibu ili mwili wake uzoee hewa nyepesi ya juu. Waandaaji, nilipowaomba tuongezewe siku Arequipa, walinijibu kwamba chai ya majani ya koka, ambayo wenyeji hunywa kupunguza athari za mwinuko, itatosha, jibu ambalo kwa kweli halikunituliza moyo. Kwa mliopita njia hiyo, je, siku 2 Arequipa zinatosha kabla ya Puno? Na mabasi hayo huwa na mtungi wa oksijeni?