Tupeane uzoefu: tamthilia za hospitali, wanakosea wapi?

Kijana wa Chuda (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha sanaa hapa Tanga tunaandika tamthilia ya hospitali. Kuna daktari kijana, muuguzi, mgonjwa wa moyo na mapenzi katikati. Hatutaki watu wa wodini waione wacheke. Nyie mnaozijua kazi hizi, tamthilia za Marekani, za Kikorea na za kwetu zinakosea wapi? Mwageni kwa kina, vifaa na vipimo. "Uongo mtupu" peke yake haitusaidii.

Sista wa Zamu
Naanza na linalokera kuliko yote. Mashine inalia piiiii, mstari umenyooka, daktari anapaka jeli, "ondokeni!", mgonjwa anaruka kitandani, moyo umerudi. Mstari ulionyooka HAUPIGWI shoti. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, kwenye kioo unaona mawimbi yamevurugika. Umeme unauzima kidogo ili uanze upya kwa mpangilio wake. Moyo ambao umeme umeisha kabisa, utapanga nini?

Hapo kazi ni ya mikono na adrenalini. Miligramu 1 mshipani kila dakika 3 hadi 5, na kifua kinakandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Ukifika 30 unatoa pumzi 2. Viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya mikono. Waigizaji wanakunja viwiko kwa sababu ukimkandamiza mzima hivyo kweli unamvunja mbavu, kwa hiyo kamera iwe usoni na mabegani kwa anayekandamiza, na chini muweke godoro. Tena mpokezane kila dakika 2. Mtu akichoka kina kinapungua na mwenyewe hajui.

Mwana wa Duga
Piiiii, hahaha. Naunga mkono hoja.

Tabibu Mstaafu
Kuongezea hapo. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa watu waliohesabu kabisa wagonjwa wanaofufuliwa kwenye televisheni, katika ER, Chicago Hope na Rescue 911. Robo tatu waliamka palepale, na karibu theluthi mbili walionekana wameruhusiwa kwenda nyumbani. Hospitali ya kweli haizikaribii namba hizo. Matokeo yake ndugu wanasimama mlangoni wanajua mgonjwa lazima azinduke, wamemwona wa kwenye tivii. Mwandishi, ua watu zaidi.

Mwana wa Duga
Akiwaua wote nani ataangalia sehemu ya pili mzee wangu?

Binti Makorora
Jamani, mmetaja mapenzi na mgonjwa wa moyo, mmemsahau Denny wa Grey's Anatomy? Izzie ni daktari wa mafunzo, kampenda mgonjwa anayesubiri moyo. Moyo unapatikana, kumbe Denny siye wa kwanza kwenye foleni. Izzie anakata waya wa pampu inayomsaidia ili hali yake iwe mbaya zaidi, apande juu. Kapandishwa, kapewa moyo, kamchumbia Izzie, halafu akafa kwa kiharusi. Mwaka 2006 ile, watu mpaka leo hawajapoa. Andikeni kitu kama hicho!

Mwana wa Duga
Mwanamke anayependa huyo. Alikuwa sahihi.

Sista wa Zamu
Sahihi wapi? Aliyekuwa mbele ya Denny kwenye foleni hana mama? Huo ni wizi, umevalishwa koti jeupe tu.

Mwana wa Duga
Sista, mapenzi hayana foleni.

Sista wa Zamu
Mioyo ina foleni, mdogo wangu.

Fundi Vifaa Tiba
Mkimaliza kugombana nielezee ile pampu. Inashonewa kwenye chumba cha chini cha kushoto cha moyo, inavuta damu na kuisukuma kwenye mshipa mkuu. Waya unatokea kwenye ngozi ya tumbo, unaingia kwenye kidhibiti, kidhibiti kinakula betri. Kata waya: king'ora kinalia, damu iliyomo kwenye pampu inasimama, na damu iliyosimama huganda. Kwenye pampu za kisasa zisizo na vali, yaani mlango unaozuia damu isirudi, damu inaweza hata kurudi nyuma kuelekea moyoni. Kwa hiyo ukiwa Izzie unamsogeza mtu karibu na moyo mpya na karibu na kiharusi kwa mkasi mmoja. Na moyo uliotolewa una kama saa 4 tu nje ya mwili. Kundi la damu lioane na mwili wa mpokeaji ulingane. Hakuna nafasi ya kulia kwenye korido nusu saa kama wanavyofanya wao.

Tabibu Mstaafu
Halafu mleta mada, usimpandikize mtu moyo Tanga. Figo zinapandikizwa nchini tangu 2017, Muhimbili walianza, na mtoaji ni ndugu aliye hai. Moyo ni habari nyingine. Kama unataka mgonjwa wa moyo wa kwetu, kijana na mrembo, andika vali.

Mtoto wa shule ya msingi anaumwa koo, halikutibiwa ipasavyo. Baada ya wiki mbili tatu viungo vinavimba vikipokezana, goti leo, kifundo kesho. Watu wanasema anakua. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, na kila ikirudi inakwangua vali za moyo. Dawa ya kuizuia isirudi ni ya bei ndogo: sindano ya benzathini penisilini, uniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 30 au zaidi, kila wiki 3 hadi 4, kwa miaka. Wakiziacha, anafika miaka 20 anapanda ngazi na pumzi imeisha, analala na mito mitatu. Anapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, anawekewa vali ya chuma.

Hapo mapenzi yanaingia vizuri. Vali ya chuma inasikika. Usiku kukiwa kimya aliye karibu anaisikia, tik, tik, tik. Mwenye vali hiyo anameza warfarini kila siku, maisha yote, ili damu isigande pale. Kipimo chake cha INR, cha damu inavyochelewa kuganda, kiwe kati ya 2.5 na 3.5 kwa vali iliyopo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ikishuka, damu inaganda kwenye vali. Ikipanda sana, anavuja damu hata kwenye fizi. Na warfarini hudhuru mimba changa. Sasa binti ana mchumba, mama mkwe anataka mjukuu, na yeye hajamwambia mtu kwamba ana chuma kifuani. Kuna haja ya kukata waya tena?

Binti Makorora
Tik tik tik, wallahi nimesisimka. Mzee andika wewe.

Kijana wa Chuda (mleta mada)
Nimeinakili yote. Endeleeni.

Mkunga Chumbageni
Mimi na kifafa cha mimba. Kuna tamthilia moja ilikionyesha bila kupamba, ER mwaka 1995, yule Dkt. Greene. Mama mjamzito kaja na shida ya mkojo, kapewa dawa, karudishwa nyumbani, kaja tena na degedege. Mtoto alipona, mama akafa. Waliofuata wanaonyesha sindano moja, mama katulia, picha na kichanga. Hapana.

Andikeni hivi. Mlazeni ubavu wa kushoto, njia ya hewa iwe safi, oksijeni. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumkalia miguu. Magnesiamu salfeti ya asilimia 50: vuta mililita 8, hiyo ni gramu 4, ongeza maji ya sindano mililita 12, zipatikane 20. Zinaingia mshipani polepole, si chini ya dakika 5. Halafu gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, na kila bomba liwe na mililita 1 ya dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 2, maana ile dawa inachoma. Kisha gramu 5 kila saa 4, tako hili, tako lile, mpaka zipite saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililochelewa.

Kabla ya kila dozi unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti, liruke. Unasoma mfuko wa mkojo, mililita 30 kwa saa au zaidi. Goti likigoma, dozi inasubiri. Pumzi zikishuka, unasimamisha na kumpa kalsiamu glukoneti gramu 1 taratibu, na iwe tayari mezani kabla haijahitajika. Muuguzi akipekua kabati wakati mama hapumui vizuri, hiyo sini ni ya kweli kuliko busu lolote.

Kondo likiachia kabla ya wakati, damu inaweza kukataa kuganda. Kipimo hakihitaji mashine. Damu mililita 2 kwenye kichupa kikavu cha kioo, unakifumba kiganjani kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 unakiinamisha polepole uone kama imeshika. Haijashika, unafumba tena, unatazama kila dakika. Ikifika dakika 7 bado inatiririka, au imeshika donge laini linalovunjika, mtafuteni wa kutoa damu sasa hivi. Mpeni mwigizaji kichupa hicho mkononi na saa ukutani, asiseme neno. Mtazamaji ataelewa.

Mtu wa Usingizi
Vizuri, ila mkifika upasuaji msiwalaze wote nusu kaputi kama wanavyofanya. Wengi wanachomwa sindano ya mgongo. Mama anakaa, kakumbatia mto, kainama mgongo utoke kama paka aliyeudhiwa. Sindano nyembamba namba 25 kati ya pingili ya 3 na ya 4 ya kiuno, linatoka tone safi kama maji, ndipo dawa ya ganzi, bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, inaingia, mililita 2 hadi 2.5. Presha inashuka, kichefuchefu kinakuja, meza inainamishwa kushoto. Mama yuko macho, anamsikia mwanawe anavyolia.

Mkunga Chumbageni
Mwenye degedege unamchoma mgongoni wewe?

Mtu wa Usingizi
Kazinduka, katulia, damu inaganda: ndiyo. Hajitambui, au kile kichupa chako hakijashika: nusu kaputi na bomba kooni.

Mkunga Chumbageni
Ungesema hivyo toka mwanzo.

Mwana wa Duga
Mleta mada, wapenzi wako wa tamthilia hawa hapa. Mahari tuchange.

Nesi wa Wodi ya Wanaume
Vitu vidogo vinavyowaumbua. Kanula, ule mrija mdogo unaobaki mshipani, ya bluu ni namba 22, nyembamba. Kaja mtu wa ajali ya bodaboda barabara ya Pongwe, damu inamwagika, mnamwekea bluu! Kijani ni 18, kijivu ni 16, zote mbili kubwa, moja kila mkono. Njano ni ya kichanga. Dripu nazo: chupa imejaa, roli ya mrija imefungwa, tone halidondoki, mgonjwa eti kapata nafuu. Lita 1 kwa saa 8 kwenye mrija wa matone 20 kwa mililita ni matone kama 42 kwa dakika. Weka mwigizaji ayahesabu na saa yake.

Stetoskopu: ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua. Eksirei ya kifua: ncha ya moyo iko mkono wako wa kulia ukiitazama. Hata tamthilia ya Scrubs waliigeuza kwenye wimbo wao wa kufungulia, msijione wabaya. Na risasi haidondoki "ting!" kwenye bakuli kila mara. Nyingi zinaachwa humohumo kama hazibani kitu, kuzichimbua kunaweza kuleta madhara zaidi.

Kubwa zaidi: daktari wenu anatoa damu, anapima maabara, anapiga eksirei, anapasua, anasukuma kitanda. Muuguzi hana hata jina. Nani anakaa na mgonjwa usiku kucha?

Mwana wa Duga
Damu ya kuigiza: sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki, kakao kidogo ipoteze ung'avu. Msitumie rozela, inaonekana juisi.

Sista wa Zamu
Kuhusu mapenzi. Daktari na mgonjwa wake ni kosa la maadili, Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumfuta kwenye daftari. Mkiandika, iandikeni bei hiyo. Wapendanao wawe wafanyakazi, na wakutane zamu zikipishana, kwenye ripoti: mmoja anaingia kanukia sabuni, mwingine anatoka macho mekundu, wanaongea wagonjwa tu. Kitanda cha tatu amekojoa, cha tano anasubiri damu. Chumba cha upasuaji hakuna kushikana: ukishanawa mpaka kiwiko na kuvaa glavu, mikono haishuki chini ya kiuno wala haimgusi mtu. Na msisahau ndugu. Mama mkwe na hotpoti, mlinzi getini, shangazi anayeuliza kila mtu swali lilelile.

Baharia wa Sahare
Mmejaza presha na mioyo, mvuvi yuko wapi? Mtu kachomwa mguuni na taa, yule samaki mwenye mwiba wa sumu, maumivu ya kulia mtu mzima. Mnamfunga kamba, mnanyonya sumu? Maji ya moto, kama digrii 45, mguu uzame dakika 30 hadi 90. Joto linaivunja nguvu sumu yake. Ajaribu maji kwa mguu MZIMA kwanza, ule uliochomwa unaweza kuungua bila kujua. Maji yakipoa mnabadilisha.

Nesi wa Wodi ya Wanaume
Halafu mtazame kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, na sindano ya pepopunda. Hiyo mmeiruka, Baharia.