SATO ANAUZA, LAKINI MIMI NILIPWE "YA KUBONYEZA"??

Wakuu nimetoka Capri Point hapa Mwanza sasa hivi na hasira niliyonayo naweza kusukuma jiwe la Bismarck likaingia ziwani. Simtaji, mnamjua, yule mwenye lodge, kofia ya majani hata saa tatu usiku. Kaniita nimuonyeshe WordPress mpya, ule mtambo wa kutengenezea tovuti, maana tovuti yake ni ya enzi za Nuhu, ukiifungua kwenye simu bei za vyumba unazisoma kwa darubini.

Nikaweka bando langu, laptop yangu, nikaeleza mpaka koo likakauka. Kwamba tangu toleo 5.0 la 2018 kila kitu ni bloku, yaani kipande chake peke yake, picha unaipandisha unaishusha mwenyewe. Kwamba hii 6.9 ya Desemba 2025 meneja wake anaacha ujumbe palepale kwenye bloku, "bei hii imekosewa", badala ya kunipigia usiku wa manane. Na kwamba huko mbele wanapanga watu wawili waandike ukurasa mmoja kwa pamoja, halafu baada ya hapo ndo lugha nyingi, Kiswahili na Kiingereza humohumo bila kuungaunga plagini, vile viprogramu vya nyongeza. Yeye anachambua sato tu, anaguna. Nikataja hela yangu.

Akalamba kidole. "Si ulisema ni ya bure hiyo? Sasa nikulipe ya nini, ya KUBONYEZA?"

Ya kubonyeza!! Mbele ya mhudumu! Yule dada alicheka hadi bakuli la pilipili likamponyoka. Bure ni bure tangu 2003 nani kakataa, ila KUBONYEZA?? Na kidole kina mafuta ya samaki bado ananinyooshea!

Sangara_Mkavu: Tuanzie hapo mkuu, ulibonyeza au hukubonyeza? 😂😂

BintiIgoma: Huo sato ulikaribishwa au ulikuwa unaangalia tu

Mleta uzi: Niliangalia. Usiniongezee.

DogoNyegezi: Afadhali wewe, mimi huyohuyo alinilipa dagaa ndoo nzima, wabichi, mvua ya wiki nzima, nikaanike wapi? Mwenye nyumba nusura anitoe.

Fundi_Kirumba: Ungemwambia na ziwa ni la bure mbona sato wake elfu ishirini

Mleta uzi: Hilo limenijia nikiwa kwenye bodaboda, ndo kinachoniuma

MzeeWaDrupal: Vijana nimewaambia sana njooni Drupal, mtambo mwingine wa tovuti, toleo 11 limetoka 2024 mnashinda na vibloku

Sangara_Mkavu: Kwani Drupal inauzwa mzee? Si utabonyeza bure vilevile

MzeeWaDrupal: Adabu.

BintiIgoma: Nyie mnalia na bloku, mimi jana nimesasisha mtambo, plagini ya kuweka oda ikagoma, ukurasa mweupe pee, na mteja ana harusi ya watu Jumamosi. Bekapu sina. Msinicheke.

DogoNyegezi: 😂😂 bekapu huna na unalala?

Fundi_Kirumba: Ingia kwa FTP, njia ya kufikia mafaili ya tovuti moja kwa moja, folda ya hiyo plagini ibadilishe jina, tovuti itarudi. Soda yangu iwe ya baridi

BintiIgoma: Imerudiiii!! Ubarikiwe kaka. Ila umeme ndo unakatika hapa sasa hivi

Fundi_Kirumba: Hata huku umeondoka. Nani ana chaja ya HP, ile ya kichwa chembamba, nipo karibu na soko la mwaloni