Kitunguu saumu kwenye chakula cha sato kinaoshwa na maji, nifanyeje?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina sato wa vizimba hapa Ilemela, gramu 60 hivi kila mmoja. Natwanga kitunguu saumu kibichi, naacha dakika 10 dawa yake itoke, nachanganya gramu 20 kwa kilo ya chakula cha kuelea. Sipiki, moto unaiua. Kisha napaka mafuta ya alizeti mililita 20 na kuanika kivulini. Nisipokausha vizuri, ukungu unaota haraka.

Tatizo: punje zikigusa maji tu, utando wa mafuta unatandaa juu na harufu inaondoka nao kabla samaki hawajala. Je, ute wa yai au uji mwepesi wa muhogo unashika zaidi? Kiasi gani kwa kilo? Na mnalisha mfululizo au mnapumzisha?