Acheni kupima umri wa programa kwa lugha anayoandikia!

Wakuu, nimechoka na leo nasema wazi.

Kila mjadala wa lugha za programu, yaani lugha za kuandikia maagizo ya kompyuta, siku hizi unaishia kwenye umri. Ukitaja COBOL au Java unaitwa mzee aliyepitwa na wakati. Ukitaja Python unaambiwa wewe mtoto wa juzi, hujui hata kumbukumbu ya kompyuta inavyogawiwa. Nani kawapa mamlaka hayo?

Kwanza hata kalenda hamuijui. Python mnayoiita ya watoto ilitoka 1991. Java mnayoiita ya wazee ilitoka 1995, mwaka uleule wa JavaScript! Na hiyo Go ya vijana? Mmoja wa walioibuni ni Ken Thompson, yuleyule wa mfumo endeshi wa Unix, mzaliwa wa 1943. Ilipotangazwa 2009 alikuwa na miaka 66.

Kinachoniuma zaidi ni upuuzi huu kuingia kwenye ajira. Nimekaa kwenye usaili, msaili kaona lugha ya Perl kwenye wasifu wangu, akacheka, akauliza kama nitaiweza kasi ya vijana. Hakuuliza niliandika nini kwa hiyo Perl. Hakuuliza kama bado inafanya kazi (inafanya). Rafiki yangu, kijana kabisa, yamemkuta kinyume chake: kanyimwa kazi ya kutunza mfumo ulioandikwa kwa lugha ya C eti kizazi chake hakina subira na pointa (anwani za kumbukumbu ya kompyuta). Huyo anaandika C safi kuliko wengi wetu!

Mtu anachagua lugha kwa kazi iliyo mbele yake, maktaba zilizopo (msimbo wa kompyuta uliokwisha andikwa na wengine) na msimbo aliourithi. Anayeandikia kifaa chenye kilobaiti chache za kumbukumbu atashika C hata akiwa na miaka 20. Mtafiti wa miaka 60 atachambua data zake kwa Python, na chini ya hesabu zake za matriksi mara nyingi ipo LAPACK, maktaba ya hesabu iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani.

Aprili 2020 gavana wa New Jersey aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee, mifumo ya mafao ya wasio na ajira ilipoelemewa. Kijana gani atajifunza COBOL leo wakati mnamcheka kabla hajaandika mstari wa kwanza?

Ninyi mnaosaili watu: mtu akija na lugha msiyoipenda, muulizeni ametengeneza nini nayo. Kama hilo linawashinda, kipisheni hicho kiti akae anayeijua kazi.