Mbwa ninayemlea kaogopa wavu wa mtaro, ndo kashafeli?

Mlezi_mgeni:
Wakuu salama? Nimejitolea kulea mtoto wa mbwa, labrador jike, nilikabidhiwa akiwa na wiki 8 sasa ana miezi 7, akikaribia mwaka na nusu ndo anarudi kituoni kuanza mafunzo yenyewe ya kumuongoza asiyeona. Mengine yote yuko vizuri, anajisaidia kwa amri, analala chini ya meza saa nzima kimya. Sasa wiki mbili nyuma tulikanyaga wavu wa chuma wa mtaro, nadhani kucha iliingia kwenye tundu, toka siku hiyo akiuona tu anajibwaga chini kama gunia, mkia kauficha. Nikamvuta na kamba nikaona ndo namharibu kabisa. Kosa ni langu au kazaliwa hivyo? Usingizi sipati jamani.

Kamba_fupi:
Kwanza acha kuvuta. Miezi 7 ni ujana huo, mbwa aliyekuwa simba jana leo anakimbia pipa la taka analolipita kila siku. Mi nimelea wanne, wawili wakapita wawili wakakatwa, na mmoja wa waliokatwa ndo niliyekuwa nawaapia watu kwamba huyu ni fundi. Kushtuka sio ishu, ishu ni anatumia muda gani kutulia. Angusha mfuniko wa sufuria nyuma yake halafu hesabu. Wangu wa tatu aliruka mpaka akagonga kiti, nafika saba keshaenda kuunusa. Wa pili alijificha nyuma ya kochi, biskuti hagusi mpaka jioni.
Huo wavu kaa naye mbali, hatua kumi, mpe kitu anachopenda wakati anautazama, kisha ondokeni. Kesho tisa. Akikataa kula ujue mmesogea sana, rudini nyuma.

Mkufunzi_mstaafu:
Umeongea vizuri hapo juu ila la mfuniko HAPANA, mbwa kashtuka juzi tu halafu unamuongezea kelele za makusudi? Vipimo hivyo waachie kituo.
Kosa la nani: ni mchanganyiko. Hofu inarithiwa, ndo maana vituo vingi vinazalisha mbwa wao na jike muoga hazalishwi hata awe mzuri vipi. Halafu muda mkubwa wa kuizoea dunia ni wiki ya 3 mpaka kama ya 14, we unampokea sehemu yake imeshapita. Hata mama ana mchango, kuna utafiti wa 2017 kwa watoto wa mbwa wa The Seeing Eye, kituo cha mbwa waongoza wasioona kule Marekani, waliofeli zaidi ni wale ambao mama aliwahudumia mno. Wale ambao mama ananyonyesha kasimama, mtoto ahangaike kulifikia ziwa, ndo walifaulu zaidi. Mi sikushangaa.
Na wanaoishia njiani ni wengi sana, wala sio hofu tu. Niliwahi kuwa na dume tulivu kupita kiasi, eksirei ikaonyesha nyonga mbovu, basi. Mwingine mpira ulikuwa unamtoa akili, huyo akaenda kunusa mabomu na alikuwa na raha zake.

Hatua_mbili_mbele:
Mi sioni, huyu ni mbwa wangu wa pili. Niwaambie kitu, wangu hakanyagi wavu mpaka leo, akiukuta ananizungusha pembeni kisha anarudi kwenye mstari, na kwangu hiyo ndo kazi yake. Ila kuzunguka na kujibwaga chini ni vitu viwili tofauti, akijibwaga katikati ya barabara mi nafanyaje? Ninachotaka ni mbwa anayefikiri. Siku moja nilimwambia twende akagoma, nikarudia, akasimama mbele ya miguu yangu kabisa, kumbe gari la umeme linapita, sauti halina. Muoga wa kila kitu hawezi kukugomea hivyo, maana utashindwa kujua lini anakuonya na lini kaogopa tu.
We mlezi umewaambia kituoni? Usifiche mkuu, mbwa akikabidhiwa mtu na siri hiyo anayeumia ni sisi.

Mlezi_mgeni:
Nilikuwa naficha kusema kweli. Nimewapigia leo, wamesema niendelee taratibu, watakuja kumuangalia wenyewe. Jioni tumesimama hatua kumi na mbili, kala biskuti mbili, ya tatu kaitema. Tukarudi nyuma mbili akaiokota.