Sarafu za zamani za Mwingereza: nani kauza, nani kaambiwa hazina kitu? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa KAR
Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi. Babu yetu alipigana Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), akarudi na kopo la bati lenye sarafu. Alipofariki, kilichogombanisha ukoo ni peni moja ya Malkia Victoria, ya 1897, aliyopewa na afisa wake. Baba mdogo alishaipangia kiwanja Kibaha. Hoja yake ilikuwa moja tu: ina zaidi ya miaka mia, basi ni mali. Mimi nikataka ipendeze, nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikawa na wekundu wa ngozi mpya chini ya kigaga. Ndugu yetu aliyeko Uingereza akaipeleka kwa muuza sarafu. Jibu: peni za Victoria zilitengenezwa kwa mamilioni, zilizochakaa zimejaa hadi leo, hii ni bei ya soda. Tena kwa kuwa imesuguliwa, wakusanyaji hawaigusi. Ule weusi wa miaka ndio wanaoutaka, na ukishautoa haurudi. Mpaka leo inaniuma.

Mama Nuru, Leicester
Pole sana kaka. Mimi nalea wazee huku. Siku moja nikarudishiwa chenji, ndani yake peni 2 ya 1971 imeandikwa NEW PENCE. Nikatafuta mtandaoni, nakuta mtu anaiuza kwa maelfu ya pauni. Siku mbili sikulala vizuri, nikishalipa ada za wanangu kichwani. Kumbe Uingereza ilipobadili hela Februari 1971, sarafu hizo zote ziliandikwa NEW PENCE mpaka 1981. Maneno yalibadilika 1982. Inayotafutwa ni ya 1983 peke yake, maana chache zilitoka kwa makosa na maandishi ya zamani.

Muuza sarafu alinifundisha kitu nakishika mpaka leo: bei anayotaja muuzaji mtandaoni ni ndoto yake. Angalia zilizokwisha kuuzwa, uone watu walilipa ngapi kweli.

Bin Tanga
Naomba niseme la senti za tundu, maana watu wanaibiwa. Mjomba wangu alikuwa na senti 10 ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwaka huohuo. Ni kweli sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuingia mitaani, na hizo chache zilizopo zina bei kubwa mno. Lakini za Afrika Mashariki ni habari nyingine. Senti 5 na senti 10 zina tundu katikati, hazina sura ya mfalme, zina jina tu. Kwa hiyo zilitengenezwa mamilioni na zikatumika madukani kama kawaida. Mtu akampigia mjomba, akamwambia ana mnunuzi, ila atangulize hela ya kupima. Mjomba akauza mbuzi watatu. Simu haikupokelewa tena.

Na ile herufi H ndogo kwenye senti hizo, ambayo watu wanasema ni alama ya siri, ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Haina siri yoyote.

Kijana wa Reading
Yangu ina umri mdogo kuliko mwanangu wa kwanza: peni 20 isiyo na mwaka. 2008 walihamisha mwaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, baadhi zikatoka na pande mbili zisizo na mwaka. Nililipwa pauni 50 na kitu.

Churchill 65
Mimi niliachiwa na bosi sarafu ile kubwa ya 1965 yenye sura ya Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 19, kwa hiyo si adimu. Nimeiweka kabatini kwa kumkumbuka bosi.

Mama Nuru, Leicester
Niongeze moja. Msidharau shilingi za Uingereza zilizochakaa, angalieni mwaka. Kabla ya 1920 ni madini ya fedha halisi, sehemu 925 kwa 1000. Kuanzia 1920 hadi 1946 ni nusu fedha. Kuanzia 1947 hamna fedha kabisa. Niliwahi kununua mtungi wa sarafu sokoni, nikachambua usiku kucha mezani, za 1918 na 1919 huku, nyingine kule. Muuza sarafu niliyempelekea hakutazama hata sura, aliziweka kwenye mizani ndogo na kunilipa kwa uzito.

Mjukuu wa KAR
Dada, shukrani. Na shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba?

Bin Tanga
Za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha. Za 1948 kuendelea, hakuna.

Mjukuu wa KAR
Nimetoka kufungua kopo sasa hivi. Kuna tano za simba, za 1924 na 1925. Zimekuwa nyeusi tii, ndiyo maana siku ile hatukuona sababu ya kuzisugua. Nimezifunga kwenye kitambaa. Kesho nampigia baba mdogo.