Nikisoma shairi sioni picha yoyote. Wenzangu mnafanyaje?

MsomajiWaMoro: Habari zenu wadau. Kikundi chetu hapa Morogoro tunasoma Al-Inkishafi, lile shairi la zamani la Sayyid Abdalla, na kila mtu anasema "yaani ile nyumba naiona kabisa!" Mimi vina navisikia, mizani nahesabu, nyumba siioni. Wananiambia nifumbe macho. Nikifumba ni giza tu. Kuna mbinu, au ushairi si wangu?

BibiWaAmu: Mwanangu, fumbua macho. Nani kakwambia uanzie hapo? Sayyid Abdalla anapofika kwenye nyumba za wakubwa wa Pate, mji wa kale kisiwani karibu na Lamu, zilizobaki magofu, anatutajia makinda ya popo wananing'inia juu, kisha anasema "husikii hisi wala ukeme", yaani husikii sauti wala ukelele. Hilo ni la sikio. Mbele kidogo bundi anakoroma ndani. Basi tafuta chumba kitupu, soma ubeti huo kwa sauti, halafu nyamaza kabla hujaenda wa pili. Usikimbilie kina.

Mimi Pate nimefika. Chombo kinangoja maji yajae, na magofu yenyewe yamezungukwa na mashamba ya tumbaku (mshairi angecheka). Ukiingia penye kuta za matumbawe, pua ndiyo inayotangulia: mavi ya popo! Hilo yeye hakuliandika, lakini siku hizi siwezi kuusoma ubeti ule nisiisikie harufu. Na madaka ya ukutani, yaliyopangwa sahani zamani, kwenye shairi yamelaliwa na makinda ya ndege. Pitisha kidole kwenye ukuta wowote wa chokaa uliochakaa, hapo hapo Morogoro, kisha urudi kwenye ubeti huo.

Mtaalamu_Nusu: Kuna watu hawaoni picha kichwani kabisa, hata sura ya mama yao. Mwaka 2015 Adam Zeman wa Uingereza na wenzake waliiita hali hiyo afantasia. Si ugonjwa. Wengi wao wanasoma na kuandika vizuri tu.

MsomajiWaMoro: Bibi, shikamoo. Nimesomea stoo ya kazini baada ya watu kuondoka. Picha bado. Ila nilipofika kwa bundi niligeuka kutazama mlango. Hiyo inahesabika?

BibiWaAmu: Marahaba. Inahesabika sana. Sasa rudi kwenye beti za taa, nyumba zikiwa bado zina watu, uzisome kwa sauti ya juu zaidi. Ukifika tena kwa popo, shusha sauti.